Mzee, Vita Vilikwisha Zamani

Mjomba wa mwandishi wa makala haya ni mwalimu mstaafu wa hisabati. Ameishi Bombambili, Songea mjini, kwa miaka 39, na kwa miaka yote hiyo amepita karibu na Makumbusho ya Majimaji, mtaa wa Mahenge, mara zisizo na idadi, jambo la aibu kidogo kwa mwalimu wa hisabati. Amepita akienda kazini, akienda msibani, akienda kuwashangilia Majimaji, Wanalizombe wenyewe, enzi hizo Simba na Yanga wakija Songea wanakuja roho mkononi. Kuingia ndani, hata siku moja. Ukimuuliza sababu atakutazama kama umemuuliza kwa nini halali gesti mjini kwake.

"Niingie kufanya nini? Mimi si ndiye mwenyeji?"

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni akaja: Shangazi, kutoka Dar es Salaam, baada ya kukaa kwenye basi zaidi ya kilomita 900. Aliposhuka, kabla hata hajapokelewa begi, alitoa maoni yake kuhusu jina la mji. Alisema siku zote alidhani Songea ni "sogea" iliyokosewa na karani, maana tangu Makambako kila akiuliza kama wamefika anaambiwa bado, sogea. Mjomba, ambaye kwake yeye Shangazi ni shemeji wa kutaniwa, alimjibu kwamba Songea ni jina la mtu, tena mtu mzito, Nduna Songea Mbano, jemadari wa Wangoni, na kwamba Wajerumani walipojenga kituo chao cha kijeshi hapa mwaka 1897 walikuta jina lipo tayari. Shangazi akauliza kaburi la huyo nduna likoje. Mjomba akakohoa.

Hapo ndipo safari ilipozaliwa. Shangazi alitaka vitu viwili kwa siku moja: kuona kaburi la mashujaa wa Majimaji, na kusali katika kanisa kuu la zamani la wamisionari Wabenediktini, ambalo marehemu mama yake alikuwa akilisimulia. Mjomba alimhakikishia kwamba vyote viwili viko mjini, vinatembeleka kabla ya chakula cha mchana. Mwandishi, aliyekuwa Songea kwa likizo pamoja na mwanawe wa darasa la sita, alipewa heshima ya kulipia mafuta.

Ilikuwa Jumamosi ya Julai, na ajali ya kwanza ilitokea kabla ya gari kuwashwa. Shangazi alikuwa amefungasha madera mepesi na kandambili. Kwake yeye kusini ni kusini: Lindi, Mtwara, Songea, kote ni joto na korosho. Hakuna aliyemwambia kwamba Songea iko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na kwamba asubuhi ya Julai huku mtu huoga kwa kuhesabu moja mpaka tatu. Alitoka nje saa 2, meno yakigongana. Nguo pekee nzito iliyopatikana haraka ilikuwa koti la suti la Mjomba, la kijivu, lile la kuagwa kazini. Mikono ya koti ilimpita vidole kwa inchi nne. Alilivaa juu ya dera la maua, akajifunga na mtandio kichwani, akasema twendeni. Koti hilo lisisahaulike, litarudi baadaye.

Gari lilikuwa Noah ya kukodi. Mlango wake wa pembeni ulikuwa haufunguki kwa ndani. Ulifunguliwa na dereva peke yake, kwa nje, kwa kuuinua kwanza, kuupiga teke la kisigino, kisha kuusukuma kwa kishindo kilichowafanya kuku wa jirani waruke ukuta. Dereva mwenyewe alikuwa Mhehe wa Iringa aliyeoa Songea. Mjomba ni Mngoni. Wasomaji wanaojua utani wa makabila haya mawili, yaliyopigana vita vikali miaka ya 1878 hadi 1882, wanaelewa kwamba kutoka hapo hakukuwa na haja ya redio.

Walipofika Mahenge, Mjomba alishuka wa kwanza. Mvi, miwani, fimbo ya mpingo, shati limechomekwa. Chini ya mti lilikuwepo kundi la wanafunzi kama arobaini kutoka wilaya jirani, madaftari yamefunguliwa. Mwalimu wao alimwona, akamjia mbio kidogo.

"Shikamoo mzee. Tulikuwa tunakusubiri wewe."

Mtu mwingine angesema hapana, mmenifananisha. Lakini huyu ni mtu aliyesimama ubaoni miaka 35, akastaafu, na tangu astaafu hakuna aliyeandika neno lake lolote. Alitazama zile kalamu arobaini zilizoinuliwa. Mwandishi aliliona koo la Mjomba likipanda na kushuka.

"Marahaba," alisema. "Kaeni mistari miwili."

Somo lilianza vizuri, kwa maana ya sauti. "Vita vya Majimaji," alisema Mjomba akipiga fimbo chini, "vilianza hapa hapa Songea." Kalamu zikaandika. "Kinjekitile, shujaa wa Kingoni, alinyongwa pale." Akaelekeza fimbo kwenye mti ambao, kwa kuukadiria unene, ulipandwa wakati wa Azimio la Arusha. Kalamu zikaandika. Mtoto wa mwandishi alimvuta shati kwa nyuma.

"Babu, Kinjekitile alikuwa wa Ngarambe."

"Nyamaza. Hii ni historia, siyo mtihani."

Mwongozaji halisi alikuwa amesimama nyuma yao muda wote, kijana mpole, mikono mgongoni. Alisubiri mpaka Mjomba akameza mate. Kisha akafanya jambo ambalo mwandishi analikumbuka kama kilele cha adabu ya Kiswahili. Alisema: "Mzee wetu amesema vizuri sana. Mimi nitaongezea kidogo tu."

Kidogo chenyewe kilikuwa hivi. Vita vilianza Julai 1905, mbali na Songea, Nandete katika vilima vya Umatumbi upande wa Kilwa, ambako watu walichoka kulimishwa pamba kwa nguvu. Kinjekitile Ngwale wa Ngarambe, aliyegawa dawa ya maji iliyosemwa kwamba ingegeuza risasi za Wajerumani kuwa maji, alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, vita vikiwa bado havijafika Ungoni. Dawa ililetwa huku na mjumbe, Omari Kinjala. Na Wangoni wenyewe hawakuwa na dola moja: ilikuwepo Mshope chini ya Chabruma, na Njelu chini ya mfalme wake, Nkosi Mputa Gama, ambaye Songea Mbano alikuwa nduna wake mkubwa. Kila "kidogo" cha kijana huyo kilifuatiwa na mchakacho wa kalamu arobaini zikikata mistari. Mjomba alisimama pembeni akitikisa kichwa kwa kuridhika, kama mkuu wa shule anayemsikiliza mwalimu wa mazoezi.

Baada ya hapo akajaribu kujikomboa kwa fani yake. Alikuwa amesikia tangu zamani kwamba mashujaa walionyongwa ni 67. Mtoto wa mwandishi alikuwa amesikia darasani kwamba waliomo kaburini ni 66. Walibishana tangu kwenye sanamu za viongozi, wakapita mikuki na ngao wakibishana, Mjomba akisema hesabu ni fani yake na mtoto akisema kitabu ni chake. Mwongozaji aliwaacha mpaka walipofika kaburini. Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga viongozi wa Kingoni hapa Songea. Sitini na sita wamelazwa pamoja katika kaburi la halaiki. Songea Mbano alinyongwa siku chache baadaye, akazikwa peke yake. Sitini na sita na mmoja.

"Sitini na saba," alisema Mjomba, kwa sauti ndogo ambayo mwandishi hakuwahi kuisikia.

Kaburi la halaiki ni refu. Mtu akisoma habari yake gazetini huona tarakimu. Akisimama pale hulazimika kutembea ndiyo alimalize. Shangazi alilitembea lote, taratibu, mikono ya koti ikining'inia. Alipofika mwisho aligeuka, akarudi alikotoka.

Kwa mila za huku, mtani ndiye mwenye ruhusa ya kuchekesha makaburini, na dereva hakuiacha ruhusa yake ilale. Kwanza Mjomba ndiye aliyechokoza: "Haya mtani, mwaka 1905 nyie Wahehe mlikuwa wapi?"

"Tulikuwa tumepumzika," dereva alijibu. "Sisi tulishampiga Mjerumani Zelewski pale Lugalo mwaka 1891. Tukapigana mpaka 1898, mtemi wetu Mkwawa alipokufa. Tena bila maji."

Wanafunzi waliokuwa karibu walicheka. Hata mwongozaji aligeuza uso. Dereva akanogewa.

"Na fuvu letu, la Mkwawa, lilirudi mwaka 1954. Liko Kalenga, nenda kaliangalie. La kwenu lini?"

Kimya. Maana la kwao halijarudi. Kwa masimulizi ya ukoo na ya mji mzima, kichwa cha Songea Mbano kilikatwa na kupelekwa Ujerumani, na mwili wake ndio uliobaki hapa. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika kwenye makumbusho haya haya, akakutana na wajukuu wa nduna, akaomba radhi kwa yaliyotendwa na Wajerumani, na akaahidi kusaidia kulitafuta fuvu hilo bila kuwaahidi kwamba litapatikana. Dereva aliona utani umefika kwenye kina asichokitarajia. Alivua kofia, akaipapasa.

"Hilo, mtani," alisema Mjomba, "nisaidie kulitafuta."

Wakati wa kutoka kulikuwa na kitabu cha wageni mezani. Jina, unakotoka, maoni. Shangazi aliandika, mwandishi akaandika, mtoto akaandika mistari sita. Mjomba alikataa kushika kalamu. Alisema kitabu kimeandikwa cha wageni, na yeye si mgeni.

Kutoka hapo waliingia mjini kwenye kanisa kuu. Hili ni kanisa la Mtakatifu Matias Mulumba Kalemba, mmoja wa Mashahidi wa Uganda, aliyeuawa mwaka 1886 na kutangazwa mtakatifu pamoja na wenzake mwaka 1964. Ndilo kanisa kuu la Jimbo Kuu la Songea, na Mjomba, ingawa naye Jumapili huonekana kwa nadra, alilitambulisha kwa mkono mpana kama mwenye nyumba. Lakini ilikuwa Jumamosi ya Julai, mahindi yameshavunwa, na Ruvuma nzima ilikuwa inaoa. Nje kulikuwa na magari yenye maua, matarumbeta, na mpigapicha aliyekuwa na haraka kwa sababu alikuwa na harusi nyingine mbili mkononi.

Mpigapicha huyo alikuwa akiita makundi. "Upande wa bibi harusi! Wazee upande wa bibi harusi!" Macho yake yakaanguka kwa Shangazi. Mtu mzima, mtandio, koti la suti la kiume juu ya dera. Kwa jicho la harusi, mavazi kama hayo hayavaliwi na mtu wa kawaida. Huyo lazima awe shangazi mkuu, mwenye kauli ya mwisho kuhusu mahari. Alimshika kiwiko, akampeleka mstari wa mbele. Shangazi alifungua mdomo kueleza, matarumbeta yakapigwa. Mjomba alimfuata shemeji yake kumwokoa, akaambiwa, "Na mzee pia, simama nyuma ya bibi." Mwandishi alikwenda kuwatoa wote wawili, akapewa mtoto mchanga wa watu amshike.

Picha zilipigwa kama kumi. Kisha ukaja mstari wa pongezi, na mstari wa pongezi una tabia ya mto: ukishaingia, unatoka unapotoka. Shangazi alimkumbatia bibi harusi kwa machozi ya kweli, maana ana moyo mwepesi kwa maharusi wowote wale. Mjomba alimpa bwana harusi nasaha fupi kuhusu ndoa na kodi ya nyumba. Mama mmoja wa upande wa bwana harusi alimwuliza mwandishi kama wao ndio wale wa Tunduru. Mwandishi, akiwa na mtoto begani anayelia, alijibu kwamba wao ni wa Bombambili, na mama yule akaitikia, "Ahaa," kwa namna ya mtu aliyepata jibu la siri ya ukoo. Mpaka leo kuna nyumba moja mkoani Ruvuma yenye picha ukutani ya watu watatu wasiojulikana na mtu yeyote, mmoja wao kavaa koti la mwenzake.

Waliponasuka, Shangazi alikaa kwenye benchi kivulini na kutoa kitabu chake cha sala, cha jalada jeusi, alichorithi kwa mama yake. Mzee mmoja katekista aliyekuwa amekaa hapo aliwasikiliza wakisifia ukale wa kanisa, akauliza wanatafuta nini hasa. Shangazi akasema: kanisa kuu la zamani la wamisionari.

"Hili ni kanisa kuu, ndiyo," alisema mzee. "Lakini mama, hilo unalolitafuta wewe siyo hili. Hebu fungua kitabu chako ukurasa wa kwanza. Kimechapwa wapi?"

Shangazi alifungua, akasoma. Akafunga, akakiweka mapajani. Kilikuwa kimechapwa Peramiho. Jibu alikuwa amelibeba kwenye mkoba tangu Dar es Salaam; kitabu amekisalia tangu ujana, ukurasa huo hakuwahi kuusoma.

Wote walimgeukia Mjomba. Mjomba aligeukia upande wa barabara.

Peramiho iko kilomita kama 24 magharibi mwa Songea. Nusu saa, alisema dereva. Na ingekuwa nusu saa, kama si usafi wa Shangazi. Noah ile ilikuwa na rejeta yenye tundu dogo, na dereva, kwa kulijua tundu lake, hutembea na kidumu cha lita tano chini ya kiti. Kule kanisani mtoto wa mwandishi alikuwa amekanyaga keki. Shangazi alimwosha viatu, soli moja baada ya nyingine, kwa maji aliyoyakuta chini ya kiti, akakirudisha kidumu mahali pake, kikiwa kitupu na kimefungwa vizuri.

Nusu ya njia, gari likachemsha. Mvuke ulitoka kwenye boneti kama chungu cha maharage. Dereva alisimamisha pembeni, akainama kuchukua kidumu, akakiona chepesi mno. Alikitikisa mara mbili, kwa unyonge. Mjomba, aliyekaa mbele na ndiye pekee aliyeweza kutoka bila msaada, alidhani gari linawaka. Alikuwa na shemeji yake na mjukuu wake nyuma ya mlango usiofunguka. Alirukia barabarani, fimbo juu, akapaza sauti kwa nguvu zote za mwalimu wa zamu:

"Maji! Maji! Maji!"

Bodaboda mmoja aliyekuwa amepakia gunia la mahindi alipunguza mwendo. Alimtazama mzee mwenye mvi aliyeinua fimbo katikati ya nchi ya Wangoni. Alizima pikipiki kabisa, kwa heshima.

"Mzee," alisema, "vita vilikwisha zamani."

Dereva alikaa chini majanini. Alicheka mpaka akashindwa kupumua, kisha akasema kwamba hata angekufa leo, Wahehe wenzake wangejua amekufa kifo chema. Mjomba aliendelea kushikilia fimbo juu kwa muda kidogo, kwa sababu kuishusha mapema kungekuwa kukiri. Bodaboda yule ndiye aliyewaokoa: alikwenda na kidumu mpaka nyumba za mbele, akarudi na lita tano, akakataa hela ya soda. Alisema ameshalipwa.

Walikula njiani kwa mama ntilie, ugali wa moto na samaki wa Ziwa Nyasa, mbasa, aliyeungwa kwa nazi. Kwa robo saa nzima hakuna aliyesema neno, isipokuwa dereva, aliyekuwa akiinua glasi yake kila baada ya muda na kuuliza kama kuna anayehitaji maji.

Jua lilikuwa limeinama walipoingia Peramiho. Hapa pana hospitali kubwa ya Mtakatifu Yosefu, karakana, mitambo ya uchapaji, na katikati ya yote kanisa la abasia, ambalo ukubwa wake humfanya mtu apunguze hatua. Dereva alishuka, akainua mlango, akaupiga teke. Kishindo kilikwenda mpaka ukutani kikarudi. Ndege waliondoka juu ya miti. Bruda mmoja aliyekuwa akipita aliwasalimia kwa kichwa na kuendelea na safari yake, kama mtu aliyezoea kuona mahujaji wakifika kwa namna zote.

Ndani watawa walikuwa wakiimba masifu ya jioni. Familia ilikaa nyuma kabisa. Mjomba ana sikio moja lililochoka, na mtu wa namna hiyo hanong'oni. Yeye hudhani ananong'ona.

"KUMBE WANAIMBA KWA KISWAHILI?"

Kanisa lile limejengwa ili sauti ifike mbali. Swali lilipanda darini, likazunguka, likarudi kwa mwenyewe kutoka upande wa altare. Watawa hawakuyumba hata nusu ya noti. Shangazi alitoa mkono kwenye koti, ukatokeza kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, akamfinya shemeji yake paja.

Baada ya sala, mzee mmoja wa kijijini alikaa nao nje kwenye ngazi, na habari aliyowapa iliwarudisha Mahenge. Misheni ya Peramiho ilianzishwa mwaka 1898 na Padre Cassian Spiss. Mwezi ni ule ule wa Julai ambao Mkwawa alikufa, na dereva alihakikisha hilo limeeleweka. Spiss baadaye alifanywa askofu. Tarehe 14 Agosti 1905, akisafiri kutoka Kilwa kuelekea huku, alikutana na wapiganaji wa Majimaji Mikukuyumbu, karibu na Liwale, akauawa pamoja na mabruda wawili na masista wawili. Mwezi uliofuata vita vikafika Ungoni, na misheni ya Peramiho ikachomwa moto. Na Februari 1906, manduna wakisubiri kamba Songea, padri aliingia gerezani kuwafundisha, na baadhi yao wakabatizwa kabla ya kunyongwa. Asubuhi walikuwa wamesimama kwenye kaburi la vita vile, na jioni walikuwa wamekaa juu ya majivu ya vita vile vile.

Misheni ilijengwa upya. Mwaka 1931 Peramiho ikawa abasia yenye eneo lake kama jimbo, na kanisa lake ndilo likawa kanisa kuu la eneo lote hili. Jengo la sasa ni la miaka ya 1940, enzi za Abate na Askofu Gallus Steiger. Mwaka 1969 likaundwa Jimbo la Songea, askofu wake wa kwanza akiwa James Komba, na kiti kikahamia mjini; mwaka 1987 likawa jimbo kuu. Kwa hiyo mama wa Shangazi hakukosea, na Mjomba, mzee yule aliongeza kwa adabu, naye hakukosea sana. Alichelewa tu.

"Kwa miaka mingapi?" aliuliza Shangazi.

Mtoto wa darasa la sita alikokotoa tangu 1969 na kutoa jibu kabla ya mwalimu wa hisabati kuvaa miwani.

Waliporudi ilikuwa usiku, Shangazi amelala ndani ya koti kama ndani ya hema, dereva akiimba polepole wimbo wa kwao. Noah haikuchemsha tena. Mjomba hakusema neno mpaka Bombambili. Aliposhushwa alimwuliza mtoto wa mwandishi kama lile daftari lake la shule lina kurasa tupu zilizobaki.

Jumatatu saa 3 asubuhi Mjomba alionekana Mahenge, peke yake, kwa miguu. Alilipa kiingilio, akaomba kuongozwa na kijana yule yule, akaandika kurasa saba. Wakati wa kutoka alivuta kiti mbele ya kitabu cha wageni. Kwenye nafasi ya jina aliandika jina lake. Kwenye nafasi ya unakotoka aliandika Bombambili.